Utapima Nini? Miradi ya sayansi katika bonde la mpunga

Mwanafunzi akija na wazo la mradi wa sayansi, huwa naanza na swali moja: utapima nini? Utatengeneza nini nauliza baadaye, maana kutengeneza kila mtoto anataka. Kila mwaka naletewa kinu cha upepo cha boksi chenye taa inayowaka kwa betri iliyofichwa chini ya meza, au nyumba ya karatasi yenye kipande cha sola juu ya paa. Vinapendeza, wageni wanavipiga picha, mkuu wa shule anafurahi. Muulize sasa mwenye kinu upepo wa kijijini kwao unavuma miezi ipi na kwa nguvu gani. Anaanza kutazama viatu vyake.

Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya kata kwenye Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Upande mmoja tuna milima ya Udzungwa na msitu wake, upande wa pili mashamba ya mpunga, katikati inapita reli ya TAZARA. Anayetaka kuwafundisha watoto wa huku teknolojia endelevu na mabadiliko ya tabianchi hana haja ya kuagiza mifano kutoka mbali. Mwaka 2011 wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa walizuiwa kuingia hifadhini kuokota kuni, ruhusa waliyokuwa nayo kabla ya hapo. Wanafunzi wangu wengi wamekulia ndani ya katazo hilo. Wanajua kuni zinatafutwa wapi, mkaa unauzwa bei gani kwa sado, na mama anapunguza nini jikoni bei ikipanda. Wakati huohuo, nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna kilima cha maganda ya mpunga kinachofuka moshi usiku na mchana. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni maganda, na mengi yanachomwa tu ili nafasi ipatikane.

Kwa hiyo wazo la kwanza likaja lenyewe. "Madam, tuyageuze mkaa." Si wazo jipya, mkaa mbadala unatengenezwa sehemu nyingi nchini, lakini lilikuwa lao na nikalikubali. Waliyachoma maganda ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka yakawa meusi, wakayachanganya na uji wa muhogo kama gundi, wakayashindilia kwenye kipande cha bomba na kuyaanika juani. Vikatoka vipande vizuri, vigumu, vyeusi. Wakanijia wakishangilia kwamba vinawaka.

"Hata daftari linawaka," nikawaambia. "Mtapima nini?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tuliazima mizani dukani, tukatafuta vipimajoto viwili ambavyo havijavunjika (mwalimu wa sekondari ya kata anaelewa ninavyosema hivyo), tukachagua sufuria moja, mfuniko mmoja, jiko moja la bati. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100. Kabla ya kuwasha chochote niliwataka wapige hesabu: kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, mara 75, ni kilojuli 315. Mkaa wa miti una takriban megajuli 30 kwa kilo. Basi kama joto lote lingeingia ndani ya maji, gramu kumi na nusu za mkaa zingetosha kuchemsha lita nzima. Kiganja hakijai.

Wakawasha, wakachemsha, wakapima mkaa uliobaki. Jiko lilikuwa limekula karibu mara tano ya hesabu ile.

Ubishi uliofuata sijawahi kuupata kwa chaki. Mmoja akasema mizani ya dukani inaibia, na kwa kweli hilo lilistahili kuchunguzwa, tukaihakiki kwa chupa ya lita moja ya maji. Haikuwa mizani. Basi joto limekwenda wapi? Limepasha bati. Limepanda na hewa pembeni ya sufuria. Limetoka na mvuke kwa sababu fulani alikuwa anafunua mfuniko kila dakika kuchungulia. Mada ya ufanisi wa mashine, ambayo kila mwaka huwa naifundisha kwa kanuni ya asilimia na mfano wa kapi, safari hii waliijenga wenyewe wakiwa wamechuchumaa kuzunguka jiko, macho yakiwawasha.

Jambo jingine lilisaidia. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi wa kata hujifunza kunyamaza kwa lugha hiyo kabla ya kujifunza kuisema. Kwenye mradi nawaacha wabishane kwa Kiswahili na daftari la vipimo liwe la Kiswahili. Ripoti ya mwisho tunaiandika kwa Kiingereza pamoja, baada ya kila mtu kujua anachotaka kusema. Mtoto niliyemdhania mzito kwa muhula mzima ndiye aliyeuliza kama tungepata jibu lilelile tukipika mlimani, kwenye baridi.

Mkaa wa maganda, sasa. Ulishindwa. Maji yalichukua muda mrefu sana kuchemka, na jiko likajaa majivu mpaka hewa ikakosa njia. Kikemia ilikuwa haki yake: maganda ya mpunga yakiungua yote huacha majivu kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, na majivu hayo karibu yote ni silika, kitu kilekile kilichomo ndani ya mchanga. Ukiyageuza kuwa mkaa kwanza, unaondoa sehemu kubwa ya kinachoungua, silika inabaki, kwa hiyo uwiano wa majivu unapanda zaidi. Joto linalobaki kwa kila kilo ni karibu nusu ya lile la mkaa wa miti. Watoto walinyong'onyea. Kijana mmoja akanishauri kwa upole tupunguze dakika kidogo kwenye jedwali, waamuzi wa maonyesho hawatajua.

Tukaacha namba kama zilivyo. Sikumgombeza. Amezungukwa na watu wazima wanaoandika ripoti za namna hiyo, na tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba jibu ni lile analolitaka mwalimu. Nilichofanya ni kuwarudisha kwenye daftari na kuuliza: maganda haya yanafanya nini vizuri?

Aliyejibu ni binti wa kidato cha tatu ambaye kazi yake ilikuwa kulinda pipa. Alikuwa ameandika, bila mtu kumwagiza, kwamba lundo la maganda lililomwagwa baada ya kuchomwa lilikuwa baridi juu, unaweza kuweka mkono, lakini asubuhi yake ndani bado kulikuwa na moto. Akasema maganda hayapendi kutoa joto. Basi kwa nini tunayalazimisha kuungua? Tuyatumie kulizuia joto lisitoke.

Ndivyo tulivyoingia kwenye kapu. Unachukua kapu kubwa la ukindu, unalitandika khanga kuukuu, unajaza maganda makavu na kuacha shimo la sufuria katikati, juu unafunika na mto ulioshonwa na kujazwa maganda hayohayo. Chakula kinachemshwa jikoni kwa muda mfupi, kisha sufuria inazikwa humo na inaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Makapu ya namna hii yamekuwapo duniani kwa muda mrefu na hatukujidai kuyavumbua. Kilichokuwa chetu ni vipimo: sufuria mbili za maji yaliyochemka, moja mezani na moja ndani ya kapu, joto likisomwa kila baada ya saa. Grafu zile mbili, moja ikiporomoka na nyingine ikishuka polepole, wamezibandika ukutani maabara na sijaruhusu zibanduliwe.

Halafu maharage, na hapa aliingia mama mpishi wa shule. Vipimo vya maharage vilikuwa vinaruka ovyo, mara yanaiva, mara yanabaki magumu, na watoto walishaanza kulilaumu kapu. Walimwendea na shikamoo zao kumwomba sufuria nyingine. Akawauliza swali moja tu: "Maharage yenyewe ya msimu gani, wanangu?" Hawakujua. Walikuwa wamechanganya ya msimu ule na ya ghalani yaliyokaa mwaka na zaidi, na maharage ya zamani ni magumu kuiva, jambo ambalo mama yule analijua bila kipimajoto. Walianza upya kwa maharage ya gunia moja, yaliyolowekwa usiku kucha kwa maji ya kipimo kilekile. Tangu siku hiyo kila mradi wa kwetu lazima upitie kwa mtu mmoja asiye mwalimu anayeifanya kazi hiyo kila siku: mpishi, fundi wa majiko, mkulima, mwendesha mashine. Wanakuta makosa ambayo waamuzi wenye beji hawayaoni.

Kwenye maharage nina sharti moja lisilo na mzaha. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto dogo haliimalizi, kwa hiyo lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kuingia kapuni, na chakula chochote kikishuka chini ya nyuzi 60 kinarudishwa motoni kabla ya kuliwa. Somo la bakteria likapata mlango hapohapo, wala sikumsubiri mwalimu wa baiolojia.

Mwishowe, mkaa wa kuivisha maharage ulipungua hadi chini ya nusu. Mama mpishi alilichukua kapu moja kwenda nalo nyumbani kwake. Jikoni kwa shule hakuliweka, na alikuwa sahihi: sufuria ya makande ya wanafunzi mia tatu haiingii kwenye kapu lolote. Shule yetu bado inapikia kuni. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na watoto wangu wamejua mapema kwamba kati ya mkakati na sufuria ya shule kuna hesabu ndefu ya fedha.

Katikati ya mradi huo niliulizwa swali ambalo kila mwalimu wa mada hii ajiandae nalo. "Madam, kwa hiyo mkaa wa mama yangu ndio umeyeyusha barafu ya Kilimanjaro?" Mlima huo ulipoteza kama asilimia 85 ya eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2007, nilikuwa nimewaambia hivyo mwenyewe. Jibu la kweli ni hapana. Mtanzania mmoja kwa wastani anatoa kama robo tani ya kaboni dioksidi kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia ni zaidi ya tani nne na nusu. Hewa hiyo imepanda kutoka sehemu 280 hivi katika kila milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, na haikupandishwa na majiko ya Kilombero. Mtoto wa maskini asibebeshwe hatia ya dunia nzima ili mradi wake usikike mkubwa. Mkaa una kesi nyingine za kujibu: kwenye matanuri yetu ya udongo kilo moja ya mkaa inameza kilo tano, sita, hata zaidi za mti mkavu; na moshi wa majumbani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, uliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020. Hizo ni sababu za kutosha za kupima maharage. Nikiwaeleza hivyo wanafanya kazi kwa bidii zaidi kuliko nikiwatisha.

Lile jaribio maarufu la chupa mbili, moja ikiwa na siki na magadi yanayotoa kaboni dioksidi, zote zikipashwa kwa taa mpaka ile yenye gesi ijionyeshe kuwa na joto zaidi, mimi silifanyi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haichanganyiki vizuri na hewa ya juu, na tofauti ya joto inayoonekana inatokana zaidi na hilo kuliko na gesi kunasa mionzi. Ni jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Afadhali niwasimulie Eunice Foote, mwanamke wa Marekani aliyeweka mitungi ya kioo juani mwaka 1856 na kuandika kwamba wenye kaboni dioksidi ulipata joto kuliko mingine, halafu tujadili alichoweza kukijua na alichoshindwa kukijua kwa vifaa vile.

Vipimamvua tumevitengeneza kwa chupa za plastiki zilizokatwa, sehemu ya juu ikigeuzwa kuwa faneli. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hesabu wanayoipenda kwa sababu wanaigeuza kuwa madebe kwenye shamba la baba. Hapa nina ukali kidogo. Wiki mbili bila mvua si mabadiliko ya tabianchi, na mvua kubwa moja pia siyo. Tabianchi inapimwa kwa wastani wa miaka 30, na sisi tuna daftari la misimu michache. Mtoto akiandika kwenye hitimisho kwamba chupa yake imethibitisha mabadiliko ya tabianchi, namrudishia.

Mjadala mkali kuliko yote hautokei jikoni, unatokea nikileta chura wa Kihansi. Kihansi iko kwenye milima yetu hiihii, njia ya Mlimba. Mtambo wa umeme wa maji pale una uwezo wa megawati 180, umeme usiochoma hata kilo moja ya makaa ya mawe. Lakini maporomoko yaliyochepushwa ndiyo yaliyokuwa yakinyunyizia ukungu kwenye korongo dogo ambalo ndilo makazi pekee duniani ya chura mmoja mdogo wa manjano, anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Vikawekwa vinyunyizio vya maji, na hata hivyo mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani. Walianza kurejeshwa nchini 2010, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Nawagawa darasa na kuwaacha. Kuna wanaosema wodi ya wazazi isikae gizani kwa ajili ya chura. Kuna wanaouliza kwa nini hakuna aliyetazama korongo kabla ya kuchora bwawa. Siku moja mvulana akasema maji ya Kilombero yanabeba zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji, kwa hiyo sisi wa huku ndio tunaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye megawati 2,115, na je, tumefikiria sisi na mashamba yetu ya umwagiliaji tutakuwa nini katika hesabu hiyo, wodi au chura? Mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama mlangoni. Kwa kawaida ananiuliza mambo haya yanatoka wapi kwenye mtihani wa NECTA. Safari hii akaingia, akavuta kiti.

Maonyesho ya wanasayansi chipukizi tunakwenda tukipata nauli. Yana faida, hasa kwa mtoto ambaye hajawahi kuongea na mgeni kuhusu kitu anachokijua kuliko huyo mgeni. Ila ngazi za chini bado nakuta waamuzi wanaotoa alama kwa rangi na taa. Kabla ya safari nawasimulia wanangu habari za Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alichekwa, na mwalimu, na darasa. Akalibeba swali lake mpaka sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo na lipo kwa masharti gani. Hilo la kubishana ndilo nalitilia mkazo, maana watoto wakisikia hadithi hii hufikiri ushindi ulikuwa kuwa sahihi.

Binti wa pipa sasa yuko kidato cha nne na amenihamishia shambani. Alisoma kwamba majaruba yenye maji muda wote yanatoa methani, gesi inayopasha joto dunia mara nyingi zaidi ya kaboni dioksidi, uzito kwa uzito. Akataka kuiona. Mwaka 1776 Alessandro Volta aliikusanya kwa kuchokoa tope la ziwa huko Italia na kunasa mapovu, na kinachohitajika ni chupa iliyojazwa maji, iliyopinduliwa, na fimbo. Tulifanya hivyo kwenye jaruba la jirani. Chupa ndogo ilipojaa tukaisogeza mbali na watu, nikawasha mwenyewe: mwali wa bluu hafifu, ukaisha. Akauliza kama jaruba linalokaushwa kila baada ya muda, kama wanavyofundisha kwenye kilimo shadidi cha mpunga, linatoa mapovu machache zaidi na kwa kiasi gani.

Mjomba wake ametupa vipande viwili vya shamba, kimoja cha maji daima na kingine cha kukausha. Masharti yake ni mawili. Magugu yakizidi kwenye kipande kikavu, na yatazidi, palizi ni ya wanafunzi. Na mavuno yakipungua, tumpelekee namba zilivyo, tusimletee siasa. Chupa tunazo chache bado, na mizani tutarudi kuiazima dukani.